Tarumbeta Iko ya Nani?

Mimi hupiga ngoma kubwa katika fanfari, yaani bendi ya matarumbeta ya kanisa letu hapa Panda, mtaa wa mji wa Likasi. Mpiga ngoma kubwa husimama nyuma ya wote, kwa hiyo wenzangu nawajua kwa migongo kuliko kwa sura. Najua nani anavuta pumzi kwa mabega, nani anaburuta mguu wa kushoto, nani amekuja kusali na nani amekuja kuonekana. Nikisema mgongo wa Mama Carmen Kabedi ndio ulionyooka kuliko yote Likasi, naomba nisibishiwe. Nimetembea nyuma yake kwenye mazishi mengi na harusi chache, juani na mvuani, na sijauona ukiinama.

Kazi yake ni samaki. Wanakuja kwa lori kutoka ziwa Tshangalele, naye anawapokea mapema na kuwauza sokoni kwa sauti ambayo wauza nyanya wa jirani wanailalamikia mpaka leo. Ni mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika. Tarumbeta alifundishwa na mumewe Séraphin, rafiki yangu, jikoni kwao, bukari, yaani ugali wetu, ikiwa motoni na watoto wameziba masikio. Séraphin alipofariki, wengi walidhani Carmen ataileta tarumbeta kanisani imefungwa kwenye kitambaa, aikabidhi na kwenda zake kama mjane mwenye adabu. Aliileta kweli. Kisha akaomba aipulize kwanza, na alipomaliza hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono kuipokea.

Tarumbeta yenyewe inabidi niieleze, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini mtu mzima alie kwa sababu ya mdomo. Ni ya zamani, ya bendi ya wafanyakazi wa mgodi, enzi kambi tunayoishi ilipokuwa ya mgodi. Rangi yake ya fedha imebanduka na ina mbonyeo ubavuni. Hainunuliwi wala hairithiwi. Kila Pentekoste, kabla ya ibada, tunajipanga mbele ya ngazi za kanisa, na Papa Eugène, kiongozi wetu, aliyejifunza muziki kwenye shule ya misheni ya Mulungwishi akiwa kijana na hachoki kutukumbusha, anapaza sauti: "Tarumbeta iko ya nani?" Haijibiwi kwa maneno. Mwenye tarumbeta anajibu kwa sauti moja ndefu, peke yake. Ikifika mwisho bila kukatika, mimi napiga ngoma mara moja, Papa Eugène anasema "Minasikia," na tarumbeta ni yake mwaka mzima. Ikikatika, anayefuata anajibu. Mgonjwa anasamehewa Pentekoste moja. Ya pili hasamehewi, awe nani awe nani.

Sasa, mwaka juzi, wakati wa mvua, Carmen alikuwa anarudi kutoka Buluo kwa pikipiki, amepakata beseni la samaki. Barabara ya udongo mwekundu ilikuwa inateleza, pikipiki ikalala, na ukingo wa beseni ukampasua mdomo wa juu. Hospitali walimshona vizuri, sina la kuwalaumu. Lakini kidonda kilipopona kiliacha shimo dogo, kama pale unapobonyeza udongo mbichi kwa kidole, na shimo lilikuwa pale pale ambapo kikombe cha tarumbeta, kile kipande kidogo cha kupulizia, kinakaa. Akipuliza, upepo unatorokea hapo. Fsss, basi, hakuna kingine.

Pentekoste ya kwanza alisamehewa. Papy, tarumbeta ya pili, alijibu kwa niaba yake. Papy ni kijana wa makamo mwenye pumzi nyingi na majivuno ya kutosha, ila si mtu mbaya, nasema ukweli wake. Lakini kuanzia siku ile kila mtu Panda alijua jambo moja: Pentekoste inayokuja Carmen asipojibu, tarumbeta ya Séraphin inatoka ndani ya nyumba yake.

Aliyekuja na wazo la kujaza lile shimo ni Mama Colette, dada yake mkubwa. Colette ni mtu wa kuamua. Ukienda kwake na tatizo, unarudi na amri. Alituita sebuleni kwake, mimi nikiwa kama ndugu wa marehemu, akatueleza kwamba mpwa wao Tania, mwenye saluni mjini, anajaza watu midomo kwa sindano.

"Na ya Tania haiishe," alisema. "Njo ya milele. Unatia mara moja, unasahau." "Njo" ya kwetu ni "ndiyo" yenu.

"Na kama inakuwa mubaya, Yaya?" Carmen aliuliza. Yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Itakuwa mubaya namna gani? Kintu ya muzuri njo ile haiishe. Ya kuisha-isha ni bongo, uongo tu."

Sisi tumelelewa na mgodi, mtuelewe. Kwetu kitu bora ni kizito, kigumu, na kinazikwa pamoja nawe. Hata mimi nilitikisa kichwa kukubali, na mimi ndiye niliyejidai mwenye busara pale sebuleni. Ni Carmen peke yake aliyekataa. Alisema mdomo ndio huo mmoja, hautii mikononi mwa mtu anayesuka nywele kwa mkono huo huo. Anataka daktari. Akina mama wa kwaya walichanga, safari ya Lubumbashi ikapatikana, na habari za fedha zinanichosha, tuziache.

Hapa kwetu mgonjwa haendi kwa daktari peke yake. Anasindikizwa, na anayemsindikiza akiwa mkubwa wake, ndiye anayesema. Mgonjwa anakaa kimya na kuumwa. Basi Carmen alisindikizwa na Colette, na mengine mnaweza kuyaona yanakuja kwa mbali.

Daktari ni mwanamke, Dokta Mwadi Tshimanga, daktari wa ngozi, mwenye miwani na subira. Aliwaeleza kwamba dawa za kujaza si moja. Kuna ya chokaa, ya aina ile ile iliyomo ndani ya mifupa yetu: nzuri kwa shavu na taya, lakini mdomoni inaweza kufanya vinundu vigumu, na ikishaingia huitoi kirahisi. Kuna inayoiamsha nyama yenyewe ijijenge polepole, miezi na miezi, nayo si ya mdomo. Kuna ile ya milele. Colette aliinua shingo aliposikia hivyo. Daktari akasema hiyo yeye haigusi, kwa sababu inaweza kuhama, inaweza kuvimba baada ya miaka, na kuitoa ni kwa kisu. Mwisho kuna uteute mlaini kama mlenda, unaotokana na kitu ambacho mwili unacho tayari. Huo unakaa miezi kadhaa, pengine mwaka, kisha mwili unaula. Na usipopendeza, ipo sindano nyingine ya kuuyeyusha.

"Donc inaisha," Colette alisema, uso umesawijika.

"Inaisha, Mama. Na unaweza kuitosha, kuitoa yote. Kwa mudomo, njo naona ya muzuri."

Kisha daktari akauliza swali ambalo lingetupunguzia safari nzima. Akamtazama Carmen: "Mama, weye unataka nini?"

Colette akajibu: "Anataka kuwa muzuri sawa vile ya mbele."

Baadaye Carmen aliniambia alikuwa na neno tarumbeta kwenye ncha ya ulimi, akaona si adabu kumkatiza dada yake mbele ya mgeni. Mwanamke anayewanyamazisha wauza samaki wa soko zima! Daktari akafanya kilichoombwa. Alichagua uteute mlaini kuliko yote, wa kuremba, akaujaza kwa mkono mtulivu, na mdomo ukawa mzuri.

Ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Uvimbe uliposhuka, Carmen alipita njia ya kambini na wanawake walitoka vibarazani kumtazama. Waliokuwa wamemsema kwamba mjane anatafuta midomo ya wasichana wa kwenye simu, wao ndio walikuja karibu kuliko wote. Colette alitembea kando yake kama yeye ndiye aliyemuumba. Papa Eugène, ambaye sikio moja limekufa na macho hayajambo, alisema sasa Séraphin angemuoa mara ya pili.

Jumamosi tukakutana kwa mazoezi. Carmen alitia tarumbeta mdomoni, akapuliza, na fsss haikutoka. Ilitoka sauti, safi, na nikajikuta nimeinua kirungu cha ngoma bila kuambiwa. Kisha akakaza, kama inavyobidi ili sauti ndefu isimame. Nikiwa nyuma yake niliona mabega yakipanda, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Sauti ikatetemeka, ikawa nyembamba, ikafa. Akajaribu tena. Ule uteute ulikuwa laini mno. Chuma kikiukandamiza, ulikuwa unasambaa pembeni, na shimo linarudi chini ya kikombe pale pale. Mdomo ulikuwa umejaa kwa kuangaliwa tu.

Papy alijifanya anasafisha tarumbeta yake, na kwa hilo nilimpenda.

Carmen alinijia nyumbani kesho yake baada ya ibada, akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Papa Domi, nitaitosha," alisema.

"Utatosha nini?"

"Ii mudomo. Docteur alisema inayeyuka. Nitaenda ayeyushe, atie ingine."

Nilimwambia afikiri. Mdomo huu kila mtu anausifu. Akiuyeyusha, shimo linarudi mbele ya macho ya watu wote, na nani anajua kama hiyo nyingine itafaa? Nilisema mengi ya namna hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimemaliza, na nilikuwa nimemaliza.

"Nikiangalia mu kioo, ninafurahi," alisema. "Kisha naona tarumbeta juu ya kabati, furaha inaisha. Séraphin alinifundisha kupuliza, hakunifundisha kuangalia kioo."

Colette alipoambiwa, kelele zake zilisikika kambi nzima. Alilia machozi ya kweli. Alisema bamama wamechanga, Mungu amejibu, na Carmen anataka kurudisha zawadi ya Mungu dukani. Alisema pia kwamba kama wangechukua ile ya Tania, mambo yangekuwa yameshakwisha.

"Njo vile, Yaya," Carmen alimjibu. "Yangekwisha. Nisingepuliza tena hata siku moja."

"Na hata ii ingine itaisha! Utaenda kila mwaka?"

"Hata tarumbeta si ya milele. Kila mwaka Papa Eugène ananiuliza, kila mwaka najibu. Mudomo nayo nitaijibia kila mwaka."

Kuanzia siku hiyo Colette aliacha kuzungumza na mdogo wake kabisa.

Safari hii nilimsindikiza mimi. Kwanza tulikwenda kwa ajili ya kuyeyusha, na kesho yake mdomo ulirudi kama ulivyokuwa siku mbaya, shimo na kovu lake. Carmen akaenda nao sokoni hivyo hivyo, kichwa juu, akauza samaki. Wiki chache baadaye tukarudi tena Lubumbashi, na safari hii nilibeba tarumbeta. Mimi ni mkubwa wake kwa umri. Daktari alipouliza shida ni nini, akinitazama mimi kama ilivyo desturi, niliziba mdomo wangu kwa kiganja na kumwelekeza Carmen kwa kidole. Sijawahi kufanya jambo la maana zaidi bila ngoma.

"Docteur, minye napulizaka tarumbeta," Carmen alisema. "Ku kanisa. Nataka mudomo ya kupuliza."

Dokta Mwadi alivua miwani. "Juu ya nini hamukuniambia?" Kisha akajijibu: "Hapana. Minye njo sikurudilia kukuuliza weye." Akavaa miwani tena, akamwomba Carmen apige tarumbeta ili asikie kasoro. Carmen akapuliza: fsss. Daktari akainama karibu na mdomo wake kama fundi anayetafuta tundu kwenye mpira wa baiskeli, na kusema kweli ndicho alichokuwa anakifanya.

Alieleza kwamba ule uteute uko wa namna nyingi, kuna mlaini na kuna mgumu kiasi, unaosimama ukikandamizwa. Lakini kabla ya kutia chochote atajaribu kwa maji ya chumvi safi ya hospitali, ambayo mwili unayanywa haraka na hayaachi kitu. Akatia tone. "Puliza." Carmen alipuliza kwenye kikombe peke yake, na sauti ikawa kama nzi ndani ya chupa. Upepo bado ulitoroka. Tone lingine, pembeni kidogo. "Puliza." Hivyo hivyo, daktari anatia, Carmen anapuliza, mimi nimeshika tarumbeta jasho likinitoka kama ninayechomwa ni mimi. Halafu ghafla upepo ukaacha kutoroka. Carmen alifungua macho, akaninyang'anya tarumbeta, akachomeka kikombe, akapuliza.

Chumba cha daktari ni kidogo. Sauti ilijaa mpaka kwenye dari, ikatoka mlangoni, na kwenye baraza wagonjwa waliokuwa wanasubiri wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini. Nesi alikuja mbio. Daktari alikuwa anacheka, kalamu mkononi, akiweka alama mahali pale kabla maji hayajanywewa.

Kisha akaacha kucheka, akakaa mbele ya Carmen.

"Mama, sikia muzuri. Ile ya laini ilikuwa ya urembo. Ii ya nguvu, pa kovu yako, itaonekana. Ukicheka, bantu bataona kintu inasimama kidogo hapa juu. Naweza kutafuta ya katikati, haitaonekana sana, lakini siwezi kukuahidi sauti. Uko nachagula gani?"

Carmen hakunitazama mimi, wala hakutazama kioo kilichokuwa ukutani.

"Docteur, mudomo yangu bantu banaionaka tayari. Minye nataka baisikie."

Akatiwa ile ya nguvu, kidogo tu, chini ya kovu. Akaamriwa asiguse tarumbeta mpaka uvimbe uishe, na akatii, ingawa aliwafokea watu wote kambini katika siku hizo, mimi nikiwa wa kwanza. Daktari alikuwa amesema kweli. Uvimbe uliposhuka, palibaki kijivimbe juu ya mdomo, kama punje ya mahindi chini ya ngozi. Waliotoka vibarazani mara ya kwanza walitoka tena, wakarudi ndani kimya. Mazoezini Carmen alipuliza polepole, kwa sauti za chini, na hakukaza hata mara moja. Alisema anaitunza. Mimi niliogopa kwamba anaogopa.

Pentekoste ilifika na baridi ya kiangazi cha kwetu, ile inayokausha midomo hata ya watu wazima wasiopuliza chochote. Tulijipanga mbele ya ngazi. Mgongo wa Carmen ulikuwa mbele yangu. Papy alikuwa kando yake, tarumbeta yake imeinuliwa nusu, tayari kujibu, kwa sababu ndiyo sheria. Kati ya watu waliojaa uwanjani nilimwona Colette, mikono imefungwa kifuani, uso kama mlango uliofungwa. Miezi yote ile hakuwa amemsemesha dada yake neno.

Papa Eugène akapanda ngazi ya kwanza, akakohoa.

"Tarumbeta iko ya nani?"

Niliinua kirungu. Carmen akavuta pumzi, na mabega yake hayakupanda. Nilijua hapo hapo, kabla ya mtu mwingine yeyote Likasi.

Sauti ilitoka taratibu, ya chini, kisha ikasimama. Ilinyooka juu ya vichwa vya watu, juu ya mabati ya nyumba za kambi. Akakaza, na haikutetemeka. Akakaza tena. Mtoto aliyekuwa analia akaacha. Papy aliishusha tarumbeta yake, akaiweka chini kabisa, miguuni pake, na akavua kofia. Mkono wangu uliokuwa juu ulianza kuuma, ukauma sana, na sauti ilikuwa bado inaendelea, Séraphin na jikoni lake na bukari yake vyote vimo humo. Ilipofika mwisho ilikatwa safi, kama anavyokata mtu anayeweza kuendelea lakini ameona inatosha.

Na mimi nikasahau kupiga ngoma. Nilikuwa nalia.

"Dominique!" Papa Eugène alinifokea kutoka kwenye ngazi. "Ngoma!"

Nilipiga, nusura ngozi ipasuke. Papa Eugène akageuza lile sikio lake zima kuelekea kwa Carmen, ingawa hakuhitaji, akasema: "Minasikia." Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Papy ndiye aliyepaza sauti kuliko wote.

Colette alipasua kundi la watu kwa viwiko mpaka akamfikia mdogo wake. Alimshika kidevu, akamgeuzia juani, akauchunguza ule mdomo kwa muda, punje yake na kovu lake, huku sisi wote tukisubiri.

"Iko mubaya," alisema, machozi yakimtiririka. "Puliza tena."

Carmen akapuliza tena.